Walikuwa Saba

Mama alipofariki, kazi ya kuandika wasifu wake niliangushiwa mimi, kwa sababu ambayo mpaka leo hunichekesha: ndugu zangu walisema mimi ndiye mwenye kalamu. Hakuna aliyeuliza kama namfahamu Mama vizuri. Hata mimi sikujiuliza. Amenizaa, amenilea, akalea na wanangu. Kurasa mbili zitanishinda?

Nilikaa mezani saa nne usiku. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza, na kama akili zangu zingekuwa zimetulia usiku ule, hilo peke yake lingenishtua. Mtu ameishi karibu miaka 90, wewe unammaliza kwa saa mbili? Lakini sikuwa nimelala sawasawa kwa siku tatu, simu haziachi kuita, na kila baada ya robo saa kuna mtu anachungulia mlangoni kuuliza jambo la viti au la magari. Nikafuata mpangilio ambao sote tumeuzoea: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto, aliugua, alifariki. Kwenye kazi nilisita kidogo, nikaandika "mama wa nyumbani", nikazima taa.

Siku ya mazishi nikasimama kusoma. Nilipofika "alijaliwa watoto sita", mama mdogo, ndugu pekee wa Mama aliyebaki hai, akasema kutoka kiti cha mbele: "Saba." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anavyomsahihisha mtoto anayehesabu vidole. Nikadhani anaongea na jirani yake, nikaendelea: wajukuu 17, vitukuu wanne. Akarudia, safari hii akinitazama usoni.

"Walikuwa saba, mwanangu."

Kati ya dada yetu mkubwa na kaka yetu alikuwapo mtoto wa kiume aliyeishi miezi minane. Habari hiyo niliisikia mara moja utotoni, nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza hadi nikasahau. Mama hakusahau. Na mbele ya watu wote waliokuja kumuaga, mwanawe wa kumzaa akampunguzia mtoto mmoja.

Baada ya hapo nilitumia mwaka mzima na nusu kuandika upya, kijitabu cha kurasa 64 kwa ajili ya ukoo tu. Huko nako nimekosea sana. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye mama au bibi aliye hai leo na anayedhani, kama nilivyodhani, kwamba anamjua.

Nianze na hilo la wasifu wenyewe, kwa sababu huwa linakuja bila kubisha hodi. Ukishaandika, usilale kabla hujamsomea mtu mmoja mwenye umri mkubwa kuliko wote waliobaki. Msomee kwa sauti, usimpe karatasi. Kwetu ingenichukua dakika kumi. Na uulize wazi: kuna mtoto aliyefariki ambaye hatumtaji? Kuna aliyelelewa hapa ambaye hakuzaliwa hapa? Mama alikuwa na wawili wa namna hiyo, na mmoja wao alikaa safu ya nyuma siku ile akisubiri jina lake, wala sikulisoma. Yeye hajawahi kuniambia kitu. Mkewe ndiye aliyeniambia, miezi minne baadaye. Mkishawataja wote, kubalianeni kwanza kama mwenyewe angependa jambo fulani lisomwe hadharani, kwa maana kuna familia ambazo ukimya wake una sababu. Ila uwe ukimya mliouchagua. Wa kwangu ulikuwa uzembe.

Tulipomaliza mazishi nilidhani tatizo langu ni tarehe. Nikakusanya vyeti. Kitambulisho cha Mama kilisema mwaka mmoja wa kuzaliwa, cheti cha ndoa mwaka mwingine, na kadi ya kliniki ya zamani ilikuwa na wa tatu. Tofauti kati ya mdogo na mkubwa ni miaka mitatu. Nilipoteza karibu mwezi nikijaribu kuamua upi ni wa kweli. Nilikuja kutambua kwamba karatasi mbili kati ya hizo zilijazwa na mtu mwingine kwa kukadiria, Mama akiwa amesimama upande wa pili wa dirisha. Mama mdogo akanitatulia kwa swali moja: "Nilipoanza kutembea, dada alikuwa ameshaacha kuota meno?" Wakubwa hupima umri kwa watu, nani alimbeba nani, nani alikuwa mgongoni wakati gani. Nikachora mstari wa ndugu zake wote na kuwapanga kwa kubebana, miaka ikajisogeza yenyewe. Katika kijitabu niliandika mwaka wenye neno "takriban" mbele yake, na sikuona aibu.

Lakini tarehe hazikuwa tatizo. Nilikuwa na miaka yote iliyopangika na bado hapakuwa na mtu ndani yake.

Lile neno "mama wa nyumbani" ndilo lililonirudisha nyuma. Nilikuwa nikitafuta namna bora ya kulisema, nikakuta ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 isemayo kuwa asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya matunzo isiyolipwa duniani hufanywa na wanawake. Takwimu haikunipa neno nililotaka. Ilinionyesha tu kwamba nafasi ile tupu kwenye wasifu wa Mama haikuwa yake peke yake, na kwamba kama nataka kujua alifanya nini, sitakikuta kwenye karatasi yoyote. Hakuwahi kupewa barua ya ajira, cheti cha utumishi bora wala picha ya kustaafu. Kilichokuwapo ni siku, moja baada ya nyingine, na mashahidi wake ni sisi.

Basi nikawapigia simu ndugu zangu wote na kuwauliza swali nililoliona jepesi: Mama alikuwa anaamka saa ngapi?

Dada mkubwa alisema saa kumi na moja. Kaka akasema saa kumi. Mdogo wetu wa mwisho akasema hajui, kwa kuwa kila alipofumbua macho Mama alikuwa ameshavaa. Nikabaki nimeshika simu. Watu sita tumelelewa na mtu mmoja, chini ya paa moja, kwa jumla ya miaka zaidi ya 30, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akiamka.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Niliacha kuuliza "Mama alikuwa mtu wa namna gani?", kwa sababu swali hilo huleta majibu ya mazishini: mpole, mkarimu, mcha Mungu. Nikaanza kuuliza vitu vya mkononi. Ufunguo aliuficha wapi? Ukiumwa usiku alikaa upande gani wa kitanda? Alikasirika vipi, kwa maneno au kwa kunyamaza? Ulipomletea matokeo mabaya ya shule, jambo la kwanza alilofanya ni lipi? Kwa swali hili la mwisho nilipata majibu sita tofauti. Kaka yangu alichapwa. Mimi nilitazamwa tu. Mdogo wetu aliambiwa, "Keti ule kwanza." Mama yule yule, miaka tofauti, uchovu tofauti. Kumbe sote sita hatukulelewa na mwanamke wa umri mmoja, na tulikuwa tumegombana miaka mingi juu ya nani alidekezwa bila kuliwaza hilo.

Kopo lilipatikana wakati huo. Mjukuu mmoja alikuwa akipanga chumba cha Mama, akalitoa chini ya kitanda: kopo kuukuu la bati, kifuniko kimebonyea, halifunguki mpaka ulishike kwa magoti. Ndani kulikuwa na karatasi za daftari zilizokunjwa mara mbili. Kila moja ilikuwa na mchoro wa unyayo wa mtoto. Mama alikuwa na mtindo wake: kabla mtu hajatumwa kununua viatu, mtoto anasimamishwa juu ya karatasi sakafuni na penseli inauzunguka mguu taratibu. Wote tuliukumbuka ule mtekenyo wa penseli kati ya kidole gumba na cha pili. Hakuna aliyejua kwamba hakuzitupa. Karatasi zilikuwa 41. Kwenye kila kisigino ameandika jina na mwaka, na kwa baadhi neno moja la ziada: "analia", "mguu wa kulia mkubwa", "ameongezea soksi huyu, mjanja". Kuna mjukuu ana nyayo tano, kutoka mwaka mmoja mpaka kumi na miwili, na ukizipanga juu ya dirisha lenye mwanga unamwona akikua.

Yule ndugu yetu wa kulelewa, ambaye sikusoma jina lake, alikuwa na karatasi tatu. Nilimpelekea mwenyewe, sikumtuma mtu. Hatukuzungumza sana.

Kwa hiyo, kabla hamjagawana au kutupa vitu, fungueni kila kopo na kila mfuko. Sisi tulikuwa tumeshachoma gunia zima la "makaratasi" wiki ya pili baada ya msiba, kwa agizo langu, kwa sababu nilitaka nyumba iwe safi. Sijui mlikuwa na nini mle. Siku hizi nikikumbuka moshi ule hunikaa kifuani. Wekeni kila kitu kwenye sanduku moja, fungeni, mrudi baada ya miezi sita. Hakuna karatasi inayodai kuchomwa wiki ile.

Sauti sasa. Nilikuwa na rekodi moja tu ya Mama niliyoifanya kwa makusudi, dakika 11, miaka mitatu kabla hajafariki. Niliposikiliza tena nilitaka kujificha. Nilihesabu: kati ya dakika hizo 11, mimi nimeongea karibu sita. Namuuliza, anavuta pumzi, namjibia. Mahali fulani anasema, "Sasa siku ile baba yako aliporudi..." nami namkatiza kumuuliza ni mwaka gani. Anasema hakumbuki mwaka. Hatukurudi tena kwenye siku ile. Sitajua baba alirudi kutoka wapi.

Ukimrekodi mzee, jambo gumu kuliko yote ni kufunga mdomo. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Usiulize mwaka, uliza nani alikuwapo na walikuwa wamekaa wapi. Na usianze na jana au mwaka jana. Wanasaikolojia wameona kwamba mtu mzima akiombwa kumbukumbu za maisha yake, nyingi zinazomjia ni za kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na mama mdogo amenithibitishia. Nilipomuuliza habari za muongo uliopita alinijibu kwa sentensi mbili. Nilipomuuliza wasichana waliolala naye chumba kimoja alipokuwa na miaka kumi na tano, aliongea saa nzima, akawaiga sauti. Picha nayo husaidia: mpe mkononi, usimwoneshe kwenye simu, kwa kuwa simu huzima mwanga katikati ya hadithi na hadithi huzimika nayo.

Kikao kisizidi saa moja. Mimi nilimchosha mama mdogo siku ya kwanza kwa saa tatu na akakaa wiki mbili akikwepa simu zangu. Alikuwa na haki.

Kuhusu rekodi zenyewe, sikieni ujinga wangu. Mahojiano manne ya kwanza niliyaweka kwenye simu peke yake. Simu ikaanguka kwenye maji. Fundi akaniambia pole. Watu wanaohifadhi kumbukumbu wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Inachukua jioni moja. Mbili kati ya hadithi zile nne nilizipata tena kwa kurudi kuuliza. Zilikuwa fupi, kama mtu anayesimulia kitu alichokwisha kukisimulia.

Kilichoniokoa kwenye sauti ya Mama ni mpwa wangu mmoja ambaye hafuti chochote. Alikuwa na ujumbe wa sauti 63 wa bibi yake kwenye WhatsApp. Kila mmoja unaanza vilevile: "Halo? Halo? Unanisikia?", ingawa si simu na hakuna wa kumjibu, kisha kimya kidogo, kisha anaendelea kwa uhakika kama vile amejibiwa. Humo kuna kila kitu nilichokitafuta kwa mwaka mzima. Anakumbusha dawa ya mtu. Anauliza kama mtihani umeisha. Anamsema mama mwenye nyumba wa mjukuu wake. Ujumbe mmoja wa sekunde 40 hauna maneno kabisa, ni redio tu na kiti kikilia, alibonyeza kwa bahati mbaya. Huo ndio dada yangu anausikiliza kuliko yote. Wewe mwenye simu, ujumbe huo utoe nje ya programu leo, uupe jina lenye tarehe, uuhifadhi. Ukibadilisha simu bila kuhamisha mazungumzo, umekwenda.

Kwenye picha nitasema machache. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika juu zimeharibu picha nyingi kuliko panya. Nilichana mbili nikilazimisha kuzibandua. Nikafundishwa kupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama unakata kwa msumeno. Isipokubali, iache, piga picha ukurasa mzima. Picha ndogo ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi ili ziweze kukuzwa. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hutokeza upande wa pili au huchafua picha iliyo chini yake. Karatasi ikiwa ya utelezi na haishiki penseli, andika kwenye bahasha kabla hujaitia picha ndani. Na uandike majina kamili. Nina picha sita ambazo nyuma yake pameandikwa "mimi na rafiki".

Nilipomaliza rasimu niliituma kwa ndugu wote, nikiwa nimejipongeza. Dada mkubwa alikaa nayo siku tisa, akanipigia. "Nimesoma," akasema. "Huyu mwanamke ni mzuri sana. Ni nani?"

Nilikasirika. Nikamwambia amezidi kunikosoa tangu utotoni. Lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika mtakatifu. Nilikuwa nimeacha kwamba Mama aliweza kukununia mwezi mzima, anakupakulia chakula bila kukutazama. Kwamba alimtoa Dada shuleni mwaka mmoja ili amsaidie kulea sisi wadogo, akamrudisha, na hawakuwahi kulizungumza. Dada alinisimulia hilo kwenye simu kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa mgongoni mwake mwaka ule. Nimeishi miaka zaidi ya 50 bila kujua kwamba nilimgharimu mtu darasa zima.

Nilimuuliza kama niliandike. Akasema niandike kwamba alirudishwa, na niandike nani alimrudisha, kwa sababu baba alikuwa hataki na Mama alisimama mlangoni mpaka akakubali. Tukaandika yote mawili, kwa maneno ya Dada, neno kwa neno. Huo ndio ukurasa ambao wajukuu wanauulizia. Kaka yetu naye alikuwa na lake, akaomba lisiingie, nasi hatukuliingiza. Ukiandika habari za mtu aliyefariki, mwenye kukuruhusu ni walio hai, na kila mmoja ana sehemu yake tu. Nilijifunza kumpa kila mtu kurasa zinazomhusu azisome kabla hazijachapwa, na kukubali kufuta. Nimefuta kurasa tano nzuri kuliko zote nilizoandika. Bado zinaniuma, nisiwadanganye.

Kijitabu kina orodha ya watoto kwenye ukurasa wa nne. Wako saba kwa kuzaliwa, na wawili wa kulelewa, kwa mpangilio wa umri, bila mstari wa kuwatenganisha. Jina la yule wa miezi minane nililipata kwa mama mdogo. Hata Dada alilijua jina lake la nyumbani tu. Nilipompelekea mama mdogo nakala yake alifungua hapo moja kwa moja, kana kwamba kurasa za mbele hazikuwapo, akaweka kidole chini ya jina, akafunga kitabu, akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi naenda kwake kila Jumamosi ya pili. Namrekodi yeye sasa, saa moja, simu juu ya kitambaa mezani ili isipige mwangwi. Nimejitahidi kunyamaza, wiki nyingine nasikia sauti yangu mara tatu tu katika rekodi nzima. Jumamosi iliyopita nilimuuliza ni nani aliyekuwa na Mama usiku ule mtoto alipofariki. Alitazama nje. Nikahesabu mpaka kumi, nikahesabu tena.

"Zima hiyo kwanza," akasema.

Nikaizima, nikaigeuza kifudifudi, akaanza kunisimulia.